Mtambue Mdudu wa Bustanini Kabla ya Kununua Dawa: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa mvua swali ni lilelile: picha ya jani la sukuma wiki lenye matundu, na chini yake maneno "Nipulize dawa gani?" Jani peke yake halitoshi kukupa jibu. Matundu yanayofanana hutobolewa na kiwavi, konokono, mbawakawa mdogo arukaye, hata kuku wa jirani. Dawa ya mmoja haimgusi mwingine.

Kuna hasara kubwa zaidi. Katika bustani nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru, mdudu anayepulizwa kwanza ni yule anayekula waharibifu, kwa kuwa ndiye anayetembea hadharani. Mla mboga mwenyewe amejificha chini ya jani. Wiki mbili baadaye waharibifu wamejaa maradufu, na mwenye bustani anasema dawa ni feki.

Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua: jeraha la mmea, miguu, mabawa, kisha aina ya mmea. Picha ya simu ije mwisho.

## Vifaa vya kuandaa

- Lenzi ya kukuza mara 10. Kamera ya simu itakusaidia kwa mdudu wa zaidi ya milimita 3, lakini utitiri hautauona vizuri bila lenzi.
- Karatasi nyeupe mbili za A4 na kitu kigumu cha kuziegemeza.
- Brashi laini ya kupakia rangi, ile ndogo ya wanafunzi.
- Mitungi mitatu ya glasi au plastiki inayoonyesha ndani, raba za kufungia, na vipande vya soksi ndefu ya nailoni vya kufunikia.
- Rula yenye milimita, tochi na kijiko cha kuchimbia.
- Beseni dogo la rangi ya njano, maji, na sabuni ya maji.
- Spiriti ya duka la dawa, daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, penseli haifutiki.

Onyo: usifunike mtungi kwa kipande cha chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa, na mdudu uliyetaka kumchunguza atakufa kabla hujamjua.

## Hatua ya 1: Nenda asubuhi, kisha urudi usiku

Asubuhi nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Mdudu hutegemea joto la hewa ili misuli yake ifanye kazi, kwa hiyo kukiwa na baridi anakaa palepale. Nakuru, juu ya mita 1,800, una nafasi hadi saa tatu hivi. Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, jua linachoma mapema na nzi weupe wanaanza kuruka ukiwa bado unakunywa chai.

Usiku toka na tochi kuanzia saa mbili. Viwavi wanaokata miche, konokono na chenene hula gizani. Watu wengi wamelaumu panya kwa miche iliyokatwa shinani, ilhali kiwavi alikuwa amelala sentimita mbili tu chini ya udongo, hatua moja kutoka pale waliposimama.

Beseni la njano litege jioni katikati ya matuta, likiwa na maji nusu na matone matatu ya sabuni. Rangi ya njano huvuta vidukari wenye mabawa, nzi weupe na thiripsi, wale wadudu wembamba wadogo sana. Sabuni huwafanya wazame. Liondoe baada ya saa 24, kwa sababu halichagui na litaanza kuzamisha nyuki.

Kwa wanaoishi kando ya ziwa, kuanzia Dunga hadi Usenge: siku ambazo mawingu ya wadudu wadogo hupanda kutoka majini, beseni litajaa hao. Wanafanana na mbu lakini hawana mrija mrefu mdomoni, hawaumi na hawali mboga. Waondoe kwenye hesabu yako.

Umefaulu ikiwa umeona kitu kinachotembea, kinachokula au kilichojificha, si jeraha tu.

## Hatua ya 2: Soma jeraha kabla ya kumtafuta mwenye kuliacha

Mdomo wa mdudu ndio unaoandika kwenye jani. Wapo wanaotafuna na wapo wanaofyonza, na dalili zao hazifanani hata kidogo.

Matundu na kingo zilizoliwa ni kazi ya watafunaji: viwavi, mbawakawa, panzi. Matundu madogo mengi ya milimita 1 hadi 2, hasa kwenye saga na miche ya sukuma, yanaonyesha mbawakawa mdogo arukaye. Mabaka angavu, ngozi ya juu ya jani ikiwa imebaki na nyama ya chini imeliwa, ni kiwavi mdogo wa nondo wa kabichi.

Michoro ndani ya jani huachwa na buu anayeishi kati ya ngozi mbili za jani. Angalia umbo lake. Mstari mwembamba unaojipinda ni wa funza wa nzi. Baka pana lenye kinyesi cheusi ndani, kwenye nyanya, ni la Tuta, kiwavi wa nondo wa nyanya.

Jani lililojikunja, kunata au kuwa na masizi meusi ni kazi ya wafyonzaji, aghalabu vidukari au nzi weupe. Wanakunywa utomvu kupita kiasi na kutoa maji ya sukari. Ukungu mweusi unaota juu ya sukari hiyo. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wafuate. Watakupeleka moja kwa moja hadi kwa vidukari.

Vidoa vingi vya manjano vyenye utando mwembamba chini ni utitiri. Michirizi ya rangi ya fedha kwenye kitunguu ni thiripsi.

Mche uliokatwa usawa wa ardhi na kuachwa hapohapo: chimba kwa kijiko duara la sentimita 10 kuzunguka shina, kina cha sentimita 5. Kiwavi mnene wa kijivu atakayejikunja ukimgusa ndiye mkataji.

Si kila jeraha ni la mdudu. Ute unaong'aa baada ya kukauka ni wa konokono. Majani yaliyochanika yote upande mmoja baada ya mvua ya mawe hayana mla. Manjano kati ya mishipa kwenye majani ya zamani, bila tundu wala doa, mara nyingi ni udongo kukosa rutuba. Hapo dawa ya wadudu ni pesa zilizotupwa.

## Hatua ya 3: Mkamate bila kumponda

Weka karatasi nyeupe chini ya tawi na ugonge tawi mara tatu kwa kiganja. Subiri sekunde kumi. Vinavyosogea ni wadudu, visivyosogea ni vumbi. Kisha geuza angalau majani sita ya kila mmea: mawili ya juu, mawili ya kati, mawili ya chini. Vidukari hupenda majani machanga. Mabuu ya nzi weupe hukaa kwenye majani ya kati na ya chini, na anayetazama kileleni tu hawaoni.

Mbebe kwa brashi iliyoloweshwa kidogo, si kwa vidole.

Onyo muhimu. Kuna mdudu mwembamba wa milimita 6 hadi 10, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mabawa mafupi ya buluu yanayong'aa na ncha nyeusi ya mkia. Wengi wanamjua kwa jina Nairobi flai, na huongezeka mvua ikinyesha. Haumi wala hadungi, ila damu yake ina sumu inayochoma ngozi. Ukimponda shingoni, malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa. Akikutua mpulizie aondoke, na ukiwa umemponda osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, usijiguse macho. Viwavi wenye nywele nyingi na mbawakawa weusi wenye mikanda ya njano wanaokula maua ya maharagwe nao pia wasiguswe kwa mkono mtupu.

## Hatua ya 4: Hesabu miguu

Hatua hii huchukua nusu dakika na huondoa nusu ya makosa yote.

Mdudu kamili aliyekomaa ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Mwenye minane ni buibui au utitiri. Tofauti hii ina uzito wa pesa: dawa nyingi za wadudu haziui utitiri, bali huua wanaoula, na wiki inayofuata nyanya na managu zimefunikwa utando. Jongoo na tandu, wenye miguu mingi, si wa kundi hili kabisa.

Kwa wadogo wasiokomaa, miguu ndiyo inayotoa siri:

- Hana mguu hata mmoja: funza wa nzi.
- Sita mbele, hakuna kingine, mwili umejikunja, mweupe, yumo udongoni: buu wa mbawakawa. Hula mizizi.
- Sita mbele, na jozi zisizozidi tano za miguu minene ya nyama nyuma: kiwavi wa nondo au kipepeo.
- Sita mbele, na jozi sita au zaidi nyuma: si kiwavi wa kweli. Ni mtoto wa nyigu mla majani.

Huyo wa mwisho anapatikana kwenye sukuma na kabichi za nyanda za juu. Ni mweusi wa kijivu, hujikunja na kuanguka akiguswa. Dawa ya bakteria ya Bt, ambayo hufanya kazi nzuri kwa viwavi wa nondo, haimfanyi lolote. Anayeshangaa Bt "imekataa" arudi kuhesabu miguu.

## Hatua ya 5: Tazama mabawa

Ikiwa amekomaa, mabawa hukupa ukoo wake.

Mabawa mawili tu: nzi, hata akivaa mistari ya nyuki. Manne membamba na kiuno kilichobanwa: nyigu au nyuki. Magamba mawili magumu yanayokutana kwa mstari mmoja ulionyooka katikati ya mgongo: mbawakawa. Mabawa yanayopishana mgongoni na kuacha pembetatu nyuma ya shingo: kunguni wa shambani, mfyonzaji. Unga unaobaki kwenye brashi: kipepeo au nondo.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya mbawakawa na kunguni kwa sababu wote wana rangi kali. Tafuta ule mstari wa katikati. Ukiuona, anatafuna, ukiona pembetatu, anafyonza.

## Hatua ya 6: Linganisha na mmea uliomkuta

Sukuma wiki na kabichi. Hapa washukiwa ni wengi. Vidukari wa sukuma ni wa kijivu, wamefunikwa unga mweupe, wamebanana moyoni mwa mmea. Mgongoni kuelekea nyuma wana vijirija viwili vifupi. Ukiviona kwa lenzi, umemaliza kazi. Usimchanganye na nzi weupe: magamba meupe ambayo vidukari huvua wakikua hubaki yamenata kwenye jani, na wengi huyaita nzi weupe. Tikisa jani. Nzi weupe wataruka wingu zima, magamba hayatikisiki.

Kiwavi wa nondo wa kabichi ni wa kijani, hazidi milimita 12, amechongoka pande zote mbili. Mguse kwa brashi: atajinyonganyonga kurudi nyuma na kushuka kwa uzi. Hakuna kiwavi mwingine wa kawaida kwenye sukuma mwenye fujo kiasi hicho. Mkubwa wake ni nondo wa kahawia wa milimita 8 hivi, mwenye alama tatu za almasi mgongoni akikunja mabawa. Kunguni wa rangi tatu, nyeusi, nyeupe na chungwa, wa milimita 5 hadi 7, naye hufyonza sukuma hadi miche inanyauka, hasa wakati wa kiangazi.

Managu. Vidukari weusi chini ya majani machanga, na utitiri mwekundu wakati wa ukame. Jani likibaki mishipa tu, mtafute mbawakawa wa madoa anayekula majani. Maelezo yake yako hatua ya 7.

Nyanya. Kwanza fungua baka la jani kwa ncha ya sindano. Buu mwenye miguu na mstari mweusi nyuma ya kichwa ni Tuta. Asiye na miguu ni wa nzi. Tundu kubwa kwenye tunda, kiwavi mnene akiwa nusu ndani nusu nje, ni kiwavi wa matunda, ambaye pia hushambulia maharagwe na mahindi.

Mahindi. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa Kenya mwaka 2017 na kuumiza sana wakulima wa magharibi, ana alama mbili za uhakika: Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Zitafute zote mbili. Moyo wa mmea hujaa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Bungua wa shina hana mraba huo; huacha matundu madogo yaliyojipanga mstari kwenye jani jipya, kisha huingia shinani.

Maharagwe na kunde. Vidukari weusi wanaong'aa kwenye ncha za kunde huonekana wazi. Wa kutafutwa ni nzi wa maharagwe: mche wa wiki mbili au tatu unageuka manjano na kufa bila jeraha la jani. Ung'oe, pasua shina karibu na mizizi. Vifuko vidogo vya kahawia chini ya ganda vinathibitisha.

## Hatua ya 7: Tenga rafiki na adui

Ukibabaika popote, usibabaike hapa.

Mdudu kibibi, ambaye wengi humwita ledibadi, anang'aa, hana nywele, ni mwekundu au chungwa mwenye madoa au mikanda meusi, na hukutwa penye vidukari. Anakula vidukari tangu utotoni. Buu wake ndiye anayeuawa kwa makosa kila siku: mweusi wa kijivu, madoa ya chungwa, miguu sita mirefu, umbo la mamba mdogo, anakimbia juu ya jani. Ukimwona, acha dawa.

Lakini yupo kibibi mla mboga. Huyu ana mgongo mkavu usiong'aa, nywele fupi sana zinazoonekana kwa lenzi, na buu wake ni wa manjano hafifu mwenye miiba iliyogawanyika. Hupatikana kwenye managu, malenge na jamii zake, na jani analokula hubaki mishipa. Kigezo ni mng'ao na nywele, si idadi ya madoa.

Nzi wa maua amevaa mistari ya nyuki, lakini ana mabawa mawili, papasi fupi za kichwani, na husimama hewani bila kusogea. Funza wake, asiye na miguu, hutambaa katikati ya vidukari akiwanyonya. Ni rahisi kumdhania kiwavi mharibifu.

Mayai yaliyosimama juu ya nywele nyembamba, kila moja na uzi wake, ni ya mdudu mwenye mabawa ya kimia. Usiyafute, wanaoanguliwa ni wawindaji wakali wa vidukari.

Vidukari waliovimba, duara, rangi ya majani makavu, wasiosogea wameshauawa na nyigu mdogo aliyetaga ndani yao. Tundu la duara mgongoni maana yake nyigu ametoka na anaendelea na kazi. Ukikuta wengi kati ya vidukari wako wako hivyo, subiri siku tano kisha uhesabu tena.

Vunjajungu na buibui nao waache. Hata pareto, zao lililolijengea eneo la Nakuru jina, haichagui ikipulizwa: kibibi na kidukari huanguka pamoja. Kuitwa dawa ya asili hakuifanyi iwe salama kwa rafiki zako.

## Hatua ya 8: Asiyejulikana, mlee

Kiwavi mdogo au yai halitambuliki kwa urahisi hata na mtaalamu. Njia ya uhakika ni kumsubiri akomae.

Weka karatasi ya shashi chini ya mtungi, jani bichi la mmea uleule uliomkuta, mdudu mmoja au wawili tu, kisha funika kwa nailoni. Zaidi ya hapo baadhi yao hulana. Kwa kiwavi wa udongoni weka udongo mbichi wa sentimita 5. Badilisha jani kila siku na ukaushe mvuke, kwa sababu kinachoua wengi ni ukungu, si njaa. Usiweke dirishani penye jua.

Katika joto la Kisumu, kiwavi wa nondo wa kabichi hukomaa ndani ya wiki mbili au tatu. Nakuru huchelewa zaidi. Akitoka nyigu mdogo badala ya nondo, hujakosea mtungi: kiwavi alikuwa ameshatagiwa, na bustani yako ina walinzi.

## Hatua ya 9: Piga picha na uulize vizuri

Piga picha nne: mgongo, ubavu, uso, na jeraha la mmea. Rula iwemo, mwanga uwe wa kivulini. Mdudu msumbufu mweke kwenye jokofu dakika tano hadi kumi atulie. Andika tarehe, mahali, mmea, umri wa mmea, na dawa iliyowahi kupulizwa.

Ikiwa bado hujapata jina, mpeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, kliniki ya mimea ikiwepo sokoni kwenu, au kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kilicho karibu. Kuna vituo Njoro na Kakamega. Wenye mwili laini, yaani viwavi, funza na vidukari, waweke kwenye spiriti. Nondo na vipepeo wawekwe wakavu ndani ya karatasi iliyokunjwa, kwani spiriti huharibu unga wa mabawa na hapo ndipo alama zilipo. Usimfunge yeyote na jani bichi kwenye karatasi ya plastiki. Atafika ameoza, na hakuna atakayeweza kukusaidia.